Faili Lililoitwa Kakule

Unga wa muhogo ulikuwa bado mikononi mwa Benedicte walipomchukua mwanawe Caleb. Gari la polisi lilisimama mbele ya nyumba yao pale Bwera, Jumatano asubuhi. Wakashuka watu wawili, wakauliza, “Kakule iko wapi?” Mtoto mwenyewe akaitika, maana ndilo jina lake, akatoka na mswaki mdomoni. Hakumaliza hata kusukutua. Gari likaondoka naye kuelekea Kasese, na Benedicte akabaki katikati ya barabara na mikono myeupe, majirani wakimtazama.

Akalifuata lile gari kwa teksi. Njia nzima hakuweza kutulia. Alifungua kitenge akakifunga, akakifungua tena, mpaka mama aliyekaa karibu naye akamuuliza kama tumbo linamuuma.

Kituo chenyewe kilikuwa kidogo, pembeni mwa mji. Mwenye faili alikuwa askari mwanamke, jina lake Amoding, mtu wa Teso, amehamishiwa Kasese mwaka huo. Alikuwa anakula chapati juu ya karatasi zake.

“Mama, wacha kulia. Hapa si kanisa. Jumapili saa tisa mchana kuna mtu amevunja duka la simu hapa mjini, akapiga mwenye duka na chuma. Shahidi amemwona. Anasema ni Kakule wa Bwera, kijana mrefu. Huyu si Kakule?”

“Ni Kakule, afande.”

“Si wa Bwera? Si mrefu?”

“Ni mrefu, afande, lakini Jumapili saa tisa alikuwa anapiga ngoma! Tulikuwa na jubilei ya parokia. Misa ilianza saa sita, ikaisha saa kumi imepita. Kwaya yote ilimwona.”

“Kwaya yote ni ndugu zenu. Ndugu hawaoni vizuri.” Amoding akafuta mafuta ya chapati vidoleni. “Una picha?”

Benedicte akakumbuka. Misa ile ilirushwa kwenye ukurasa wa parokia, watu wa Butembo na Beni, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, wakaifuata kwa simu zao. Dada yake alimpigia siku hiyohiyo akamwambia amemwona Caleb. Akatoa simu yake haraka ili amwonyeshe afande, lakini kile kiduara katika kioo kilizunguka na kuzunguka. Mtandao pale kituoni ulikuwa kama umefungwa pamoja na mahabusu.

“Hiyo sitaki,” afande akasema. “Usiniletee anwani ya kwenda kutafuta. Leo iko, kesho wameitoa, mimi naonekana mjinga. Niletee video yenyewe, niishike mkononi, niitie kwa faili. Ijumaa saa kumi faili inaenda kwa mwendesha mashtaka. Ikishaenda, si yangu tena.”

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi: video moja, kutoka mtandaoni mpaka mkononi mwa afande, kabla ya Ijumaa saa kumi. Ukiisikia hivyo unaona ni jambo dogo. Kila siku watoto wetu wanashusha nyimbo na mechi za mpira. Benedicte naye aliliona dogo, na hapo ndipo alipoanza kupotea.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa Ezéchiel, katekista anayerekodi misa. Alimkuta anafagia uwanja wa kanisa.

“Ile video, Maman, kwa simu yangu haiko tena,” Ezéchiel akasema. “Simu ilijaa, nikafuta. Lakini usiogope, iko kwa ukurasa wa parokia. Fungua tu, utaiona.”

“Naiona, lakini naibeba namna gani?”

Ezéchiel akakuna kichwa. “Mimi najua kuipandisha. Kuishusha, sijui. Nenda kwa Hamidah.”

Hamidah alikuwa na kibanda karibu na barabara ya kwenda mpakani Mpondwe. Hapo aliwatilia watu nyimbo kwenye memori kadi, akachapa picha za pasipoti, akachaji simu. Ni mwanamke mwenye maneno mengi na mkono mwepesi, hamkatai mteja. Alipoelezwa habari ya Caleb alipiga ulimi.

“Caleb yule anayeogopa hata kunisalimia? Huyo atavunja duka la mutu? Kaa hapa, mama. Tutaishusha sasa hivi.”

Alifungua ukurasa wa parokia kwenye kompyuta yake. Kulikuwa na picha ya kanisa, maneno ya padri, na chini yake dirisha la video lenye kile kipembetatu cha kubonyeza. Hamidah akahifadhi ukurasa mzima. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

“Tayari!”

“Upesi hivyo?” Benedicte akauliza. Misa iliyochukua saa nne nzima, tena na matoleo na hotuba ya padri mgeni, imekuwa chafya?

Wakazima intaneti, wakafungua kile walichohifadhi. Picha ya kanisa ipo. Maneno ya padri yapo. Dirisha lipo, jeusi tupu, kama jicho la kipofu. Video haikuwamo.

Sikieni vizuri hapo, akina mama, maana ndilo kosa la kwanza. Kuhifadhi ukurasa si kuhifadhi video iliyopachikwa ndani yake. Unabeba fremu, picha inabaki kule ilikokuwa.

Hamidah hakukata tamaa. Alitafuta tovuti moja ya kushushia, akabandika pale anwani ya ukurasa wa parokia. Tovuti ikafikiri, ikasema haikuona video yoyote. Lakini chini yake kulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani, kinawakawaka kama duka la Krismasi, kimeandikwa SHUSHA.

“Si hicho hapo?” Benedicte akasema. “Bonyeza, dada, bonyeza!”

Hamidah akabonyeza. Kompyuta ikajaa madirisha. Moja likasema mashine ina wadudu mia tatu. Jingine likaonyesha wanawake wasio na nguo, na mzee mmoja aliyekuja kuchaji simu akageukia ukuta, lakini si haraka sana. Jingine likataka namba ya simu na namba ya siri ya pesa. Na Benedicte, kwa ile haraka yake, alikuwa ameshafungua mdomo kuitaja yake.

“Nyamaza, mama!” Hamidah akang'oa waya wa intaneti, mkono mmoja kwenye waya, mwingine umeziba kioo. “Namba ya siri unakipa kitufe? Hicho kilikuwa tangazo. Kitufe cha kweli huwa kidogo, tena hakipigi kelele.”

Walikaa saa nzima wakifuta yale matakataka. Benedicte alisimama, akakaa, akatoka nje kutazama jua limefika wapi, akarudi. Alimwona Caleb akilini amekaa kwenye sakafu ya saruji na mdomo wake una dawa ya meno.

Mchana Hamidah akampigia mjomba wake, akaelekezwa tovuti nyingine inayoweza kuchungulia ndani ya ukurasa na kuona video iliyopachikwa. Safari hii ilikubali. Namba zikaanza kupanda taratibu: asilimia tatu, tano, tano, tano. Benedicte alizitazama zile namba kama mtu anavyotazama dripu ya mgonjwa. Ilipofika sabini mtandao ukakatika, ikasimama, akashika kichwa. Ikaendelea yenyewe. Saa kumi na moja jioni ikafika mia.

“Niiite nani?” Hamidah akauliza, vidole juu ya herufi.

“Si jina lake? Kakule.”

Hamidah akaandika: Kakule. Wakafungua kidogo mwanzoni, wakaona maandamano ya kuingia kanisani. Benedicte akapiga ishara ya msalaba. Kisha akakimbilia duka la pili kununua flashi, maana hakuwa nayo.

Aliporudi alimkuta Consolée, mtu wa Mahango, ameinama juu ya meza ya Hamidah. Kaka yake alikuwa ameoa Jumamosi, naye ameleta video ya harusi iwekwe kwenye kompyuta, iandaliwe kwa ajili ya wazee. Hamidah akainakili huku akiongea na watu watatu. Kompyuta ikaleta swali dogo katikati ya kioo. Benedicte aliliona kwa macho yake. Elimu yake ni ya darasa la sita, maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, lakini chini aliona vitufe viwili, ndiyo na hapana.

“Linauliza nini?” alisema.

“Yanauliza kila saa, haya mashine, kama mama mkwe,” Hamidah akajibu, akabonyeza ndiyo.

“Harakisha, dada yangu, giza linaingia,” Benedicte akasema.

Hamidah akachukua kila kitu cha siku ile, akakitia kwenye flashi. Benedicte akaifunga kwenye ncha ya kitenge, mafundo mawili. Hakuifungua kuitazama. Nani angefungua? Alikuwa ameiona mwenyewe, saa ileile.

Ijumaa ni siku ya soko Mpondwe. Teksi zote zinakwenda huko na mizigo, hakuna anayetaka kwenda Kasese asubuhi. Benedicte alisimama barabarani tangu saa moja mpaka saa nne kasoro, akipunga mkono kila gari, hata la mchanga. Alifika kituoni saa sita, akakuta Amoding ametoka, akangoja. Afande aliporudi ilikuwa saa saba na nusu.

“Umeleta?”

“Nimeleta, afande.” Mafundo yakakataa kufunguka, akayafungua kwa meno.

Amoding akatia flashi kwenye kompyuta ya ofisi, askari wengine wawili wakasogea nyuma yake. Wakaliona faili: Kakule. Akabonyeza.

Likatokea gari lililopambwa maputo. Ikatokea keki ya ngazi tano. Akatokea bwana harusi mfupi, mnene, anatoka jasho, anacheza na bibi harusi anayemzidi urefu. Askari mmoja akaanza kutikisa mabega kwa ule muziki, afande alipomtazama akaacha.

“Mama,” Amoding akasema polepole. “Huyu ndiye mtoto wako?”

Benedicte akasogea karibu na kioo. “Hapana. Huyo simjui.”

“Faili inasema Kakule.”

“Ni Kakule, lakini si wangu. Hii ni ile harusi iliyoletwa jana kwa Hamidah, ya kaka yake Consolée, wa Mahango.”

“Wewe unacheza na serikali?”

Benedicte akampigia Hamidah pale pale, sauti ikiwa wazi kila mtu asikie. Akamweleza alichokiona, na Hamidah akasema, “Mungu wangu. Lile swali. Iliniuliza kama Kakule mpya achukue nafasi ya Kakule wa kwanza, nikasema ndiyo. Mama, nisamehe. Wako amefutika.”

“Shusha tena!”

“Nimefungua ukurasa sasa hivi. Dirisha ni lile lile, lakini ndani kuna sala za novena za leo asubuhi. Ezéchiel ameweka mpya.”

Amoding alikuwa ameegemea kiti, uso umekunjamana. “Ngoja kwanza. Ninyi huko mko na ma-Kakule wangapi?”

“Wengi, afande. Hata sihesabu.” Mdomo wa Benedicte ulianza kwenda wenyewe. “Kwetu jina hatuchagui, linafuata kuzaliwa. Mtoto wa kiume wa kwanza ana jina lake, wa pili ana lake. Wa nne ni Kakule. Nyumba yoyote iliyozaa wavulana wanne ina Kakule. Ukisimama sokoni ukaita Kakule, watageuka watu kumi, na mbuzi mmoja.”

Yule askari wa muziki akacheka. Amoding hakucheka.

“Kompyuta ya Hamidah imemtoa mtoto wangu, ikaweka mwingine, kwa sababu jina ni moja,” Benedicte akasema. “Sasa ninyi, afande. Shahidi wenu alisema Kakule. Mkaja Bwera, mkauliza Kakule iko wapi, wangu akaitika. Mmefanya kama kompyuta.”

Yule askari akaacha kucheka. Benedicte akajishika mdomo. Akajua ameharibu kila kitu.

Amoding akavuta faili la karatasi, akalifungua, akasoma maneno ya shahidi akifuata mistari kwa kidole. Akasoma tena. “Kakule wa Bwera,” akasema, kama mtu anayeonja chakula kilichochacha. “Hakuna jina lingine hapa. Hakuna baba.” Akatazama saa ya ukutani. “Mama, nimekuelewa. Lakini mimi siwezi kuandika kwa faili kwamba mama yake anaongea vizuri. Saa kumi bado ni saa kumi. Toka, tafuta hiyo video.”

Ilikuwa saa nane na robo.

Askari wa muziki ndiye aliyemtoa nje na kumwelekeza kwa Muniru, fundi wa simu karibu na stendi. Benedicte alikimbia, ndala moja ikakatika, akaziacha zote mbili. Alimkuta Muniru, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, amefungua tumbo la simu ya mtu. Akamweleza yote kwa pumzi moja.

“Kaa,” Muniru akasema.

“Siwezi kukaa.”

“Basi simama, lakini usiniguse mkono. Mwenye video anakubali uichukue?”

Wakampigia Ezéchiel. “Chukueni!” akapiga kelele. “Na mumwambie Caleb ngoma yake inamungoja! Lakini mimi namba ya ile video siikumbuki, niliitoa kwa ukurasa nikabandika ya mpya.”

“Sikiliza, mama,” Muniru akasema, akiifungua flashi. “Video haikai kwa parokia. Parokia wametoboa dirisha tu katika ukurasa wao. Video yenyewe inakaa mbali, kwenye nyumba yake, na ile nyumba ina anwani. Katekista wako amegeuza dirisha litazame nyumba nyingine. Ile ya kwanza bado imesimama. Tatizo, ni ipi kati ya nyumba milioni?” Akainama karibu na kioo. “Hii nyingine ni nini?”

Ndani ya flashi, chini ya harusi, kulikuwa na ule ukurasa wa Alhamisi, ule wa jicho la kipofu. Hamidah alikuwa amekusanya kila kitu, hata takataka.

“Hicho ni kibovu,” Benedicte akasema. “Hakina kitu.”

Muniru aliufungua ukurasa kwa namna nyingine, si kama picha, bali kama maandishi, mistari na mistari ya herufi zisizosomeka. Akatafuta neno moja, kioo kikaruka chini, kikasimama. Pale palikuwa na anwani ndefu, herufi na namba zimechanganyika.

“Fremu haina picha,” akasema, “lakini nyuma ya fremu wameandika picha inakaa wapi. Dirisha hili lilihifadhiwa Alhamisi, kabla katekista hajabandika novena.”

Akafungua chombo chake cha kushushia. Kilikuwa dirisha jeusi lenye maandishi meupe, bila tangazo, bila kitufe hata kimoja. Akabandika ile anwani. Namba zikaanza kupanda.

Saa tisa kasoro tano zilikuwa asilimia ishirini. Umeme ukazimika. Benedicte akatoa sauti iliyofanya hata wapiga debe wa stendi wageuke. Muniru akaonyesha betri chini ya meza. Arobaini. Sitini na mbili. Benedicte alizunguka meza, akatoka, akaingia, miguu mitupu kwenye vumbi. Saa tisa na dakika ishirini ikafika mia, naye akanyoosha mkono kuing'oa flashi.

“Bado,” Muniru akasema.

“Baba, saa!”

“Jana uliondoka bila kutazama. Leo tunatazama.”

Akaruka mbele, saa moja, mbili, tatu, mpaka kwenye matoleo. Kamera ya Ezéchiel ilitikisika, ikapita juu ya akina mama wenye vikapu vya kahawa na ndizi, ikatua kwenye kwaya. Caleb alikuwa nyuma ya ngoma, macho amefumba, kola imelowa jasho. Juu ya kichwa chake, ukutani, saa ya kanisa ilionyesha saa tisa na dakika kumi.

“Sasa jina,” Muniru akasema. “Na tunaiweka mara mbili, kwa flashi na kwa simu yako. Niandike nani?”

Benedicte akavuta pumzi. “Andika: Caleb Kakule, mtoto wa Benedicte, wa Bwera, mpiga ngoma, Jumapili ya jubilei, saa tisa mchana.”

Muniru akaandika yote, bila kucheka.

“Wasingya, baba,” Benedicte akamshukuru, na alikuwa ameshatoka mlangoni.

Alifika kituoni saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Amoding alitazama video akiwa amesimama. Aliirudisha nyuma mara tatu pale kwenye saa ya ukutani. Kisha akamwita shahidi, ambaye alikuwa ameketi benchi la nje tangu mchana, kwa amri yake. Kijana yule akainama kwenye kioo, akamtazama mpiga ngoma.

“Huyu?” akasema. “Huyu si yeye. Mimi nilisema Kakule. Sikusema Kakule huyu.”

“Kwa nini hukusema?”

“Hamkuniuliza ni yupi.”

Amoding akachukua kalamu, akaandika kwa muda mrefu, akiikandamiza karatasi. Faili halikwenda popote saa kumi ile. Saa kumi na nusu Caleb alitolewa bila mkanda, viatu mkononi. Alimtazama mama yake, kisha miguu yake mitupu.

“Maman, ndala zako?”

“Nyamaza, vaa viatu vyako.” Akamshika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama anavyoshikwa mtoto wa miaka mitatu sokoni, na Caleb akakubali kushikwa.

Akina mama wenye simu za watoto wenu mikononi, habari ya Benedicte mmeisikia. Msikipe namba ya siri kitufe kinachowaka. Msiache kitu mnachokihitaji ndani ya dirisha la mtu mwingine, maana atalifungulia kwingine bila kuwauliza. Mkishusha, fungueni mtazame mpaka pale mnapopataka. Na likija lile swali dogo katikati ya kioo, la ndiyo na hapana, simameni. Ulizeni linamtoa nani.

Walipokuwa wanavuka mlango, Benedicte alimsikia Amoding nyuma yao akimwambia askari wa muziki, “Basi kesho twende Bwera tena. Tukatafute Kakule mwingine.”

Benedicte akasimama. Caleb akamvuta, “Maman, twende, teksi zitaisha.” Lakini alibaki pale kidogo, na moyo ambao ulipaswa kutulia ukaanza tena kuhangaika. Aliwafikiria wote aliowajua, Kakule wa mashine ya kusaga, Kakule wa baiskeli, Kakule wa mjane jirani yake, kijana ambaye hakuimba kwaya na hakurekodiwa na mtu yeyote.

Akarudi hatua mbili mpaka mlangoni.

“Afande,” akasema, “mkifika, ulizeni kwanza ni mtoto wa nani.”